Nani Alimwondoa Krishna Barazani?

Katika parva, yaani kitabu, ya pili ya Mahabharata, utenzi mkuu wa India, iitwayo Sabha, yaani Baraza, Yudhishthira anacheza kamari ya dado mpaka anafilisika. Anaweka dau mali, ufalme, ndugu zake wanne, kisha nafsi yake mwenyewe, na vyote vinakwenda. Ndipo anapomweka Draupadi, mke wao wote watano, naye akaliwa. Draupadi anaburutwa kwa nywele hadi barazani mbele ya wazee, na akiwa katika hali hiyo anauliza swali moja la kisheria: mume aliyekwisha kujipoteza mwenyewe alikuwa na haki gani ya kumweka dau mtu mwingine? Baraza halimpi jibu la kukata, hata Bhishma, mzee mwenye elimu kuliko wote waliokaa pale. Kisha Duhshasana, mmoja wa upande ulioshinda, anaanza kumvua nguo. Anavuta, inatokea nyingine; anavuta hiyo, inatokea nyingine, mpaka anachoka na kukaa chini kwa aibu. Nguo hizo zilitoka wapi? Ukiuliza India, utajibiwa papo hapo: Draupadi alimlilia mungu Krishna, naye Krishna akamsitiri. Ndivyo inavyochorwa, ndivyo inavyoimbwa, na ndivyo mamilioni walivyoiona katika tamthilia ya televisheni ya B. R. Chopra iliyorushwa kuanzia 1988 hadi 1990. Lakini fungua Sabha Parva iliyotolewa na Taasisi ya Bhandarkar ya mjini Pune katika miaka ya 1940, iliyohaririwa na Franklin Edgerton, na dua hiyo hutaikuta katika matini kuu. Nguo zinatokea tu, bila aliyezileta kutajwa. Dua imeteremshwa chini ya mstari, kwa herufi ndogo, pamoja na alama za hati zinazoibeba.

Uamuzi huo ni mmoja kati ya maelfu. Kazi ya Pune, yaani toleo la kihakiki la Mahabharata, ilizinduliwa tarehe 1 Aprili 1919, miaka miwili baada ya taasisi yenyewe kuanzishwa kwa heshima ya mwanazuoni Ramkrishna Gopal Bhandarkar, ikakamilika mwaka 1966. Kwa miaka hiyo 47 zilichunguzwa hati za mkono 1,259, zikatoka juzuu 19. Vishnu Sitaram Sukthankar, aliyeshika usukani mwaka 1925 na kuweka kanuni ambazo wote waliomfuata walizitumia, alifariki mwaka 1943 bila kuuona mwisho; S. K. Belvalkar na P. L. Vaidya ndio walioifikisha bandarini. Kilichopatikana ni utenzi wa beti karibu 75,000, wakati mapokeo yanahesabu 100,000. Ugomvi umeanzia hapo na bado haujaisha. Msimamo wangu katika ugomvi huo ni huu: kitabu hiki si nusu ya juu ya ukurasa, ni ukurasa mzima. Juu kuna maneno ambayo wahariri waliyakubali. Chini kuna maneno waliyoyakataa, pamoja na alama ya kila hati iliyoyahifadhi. Anayekisifu kwa kuwa kimetupa Mahabharata ya asili amekosea, na anayekilaani kwa kuwa kimeikata Mahabharata vipande amekosea vilevile, maana wote wawili wamesoma juu ya mstari wakaacha chini.

Muumini ndiye mwenye haki ya kusema kwanza, kwa sababu utenzi ni wake kabla haujawa wa msomi. “Mmemvua Draupadi mara ya pili,” anasema. “Kwetu sisi Mahabharata si jalada la mahakama. Tunaisoma ili mtu aliyeachwa na waume watano, akaachwa na wazee, akaachwa na sheria, ajue kwamba bado yupo wa kumwita. Mkiitoa dua mmebakiza muujiza usio na mwenyewe. Na mmeitoa kwa idhini ya nani? Babu zetu waliikariri, wanakili waliiandika karne baada ya karne juu ya majani ya mvumo, halafu huyu Edgerton, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, anakuja kutuambia kwamba haikuwepo.”

Simjibu kwa kumwambia kwamba imani ni imani na elimu ni elimu, kila moja ikae kwake. Huko ni kumfukuza mlangoni kwa adabu. Namjibu kwa kumwonesha jinsi uamuzi ulivyofanyika. Kwa parva ya kwanza peke yake, Adi, Sukthankar alihesabu hati 235 zilizojulikana kwake, akalinganisha 60 kati yake neno kwa neno. Hati 107 kati ya zile 235 zilikuwa za Devanagari, na tatu tu za mwandiko wa Sharada wa Kashmir. Kama angeamua kwa kura, kila hati na kura yake, Devanagari ingeshinda kila siku. Hakupiga kura. Aliona kwamba wanakili wa Devanagari, waliokaa katika njia kuu za biashara na za hija, walikuwa wakikusanya: mmoja akikuta kisa katika nakala ya jirani ambacho kwake hakimo, anakiongeza, kwa kuwa hakuna mcha Mungu anayetaka kupunguza maneno matakatifu. Kashmir, kaskazini kabisa milimani, na Kerala, kusini kabisa pwani, ziko mbali mno kwa wanakili wake kuazimana kwa urahisi. Kwa hiyo ubeti ukiwemo Kashmir na ukiwemo Kerala, umetoka nyuma, kabla matawi hayajaachana. Ukiwa umo katikati tu na kote kwingine haumo, ni vigumu kuamini kwamba watu wa pande mbili zisizojuana waliufuta ubeti uleule. Na dua ya Draupadi haina umoja huo: maneno yake hutofautiana toka tawi hadi tawi, urefu wake hutofautiana, na ziko hati ambazo haimo. Mtu hawezi kutazama ushahidi huo akasema kwamba Edgerton aliongozwa na chuki.

Hata hivyo muumini akiwa makini atarudi na silaha nzito zaidi, na ataitoa ndani ya toleo hilohilo la Pune. Katika parva ya tano, Udyoga, katika beti ambazo wahariri wenyewe wamezikubali juu ya mstari, Krishna anasema kwamba kuna deni linalomkaa moyoni na halimtoki: Draupadi alimwita kwa jina la Govinda wakati yeye yuko mbali. Alimwita lini, kama si siku ile ya barazani? Alf Hiltebeitel, mmoja wa wataalamu wa Marekani walioufuatilia sana utenzi huu, aliishikilia hoja hiyo dhidi ya Edgerton, nami naona ina uzito. Huenda waliotunga parva ya tano walijua habari ya kilio ambacho parva ya pili haikuona haja ya kukisimulia. Huenda wanakili waliofuata waliusikia upungufu huo wakaujaza, kila mmoja kwa maneno yake, na ndiyo sababu maneno yao hayalingani. Sidai kwamba jambo hili limekwisha. Ninachodai ni kwamba mtu anayetaka kumpinga Edgerton hahitaji kutoka nje ya kazi ya Pune. Beti alizozikataa Edgerton amemwachia, hati zinazozibeba amezitaja, na ushahidi wa parva ya tano umechapwa na wenzake. Kabla ya hapo, mwenye nakala iliyochapwa Kalkuta kati ya 1834 na 1839 alikuwa na dua tu, bila kujua kwamba kuna swali.

Sauti ya pili haijali kama Krishna yumo au hayumo. Inakataa mradi mzima, na imesemwa na watu wazito. Sylvain Lévi wa Paris, alipoyapokea matoleo ya mwanzo kwa furaha kubwa, alishauri kwamba ingetosha kuchapa matini iliyozoeleka pamoja na tofauti za hati chini yake, bila kujaribu kujenga matini mpya. Miongo kadhaa baadaye, kazi ilipokuwa inakamilika, Madeleine Biardeau alikwenda mbali zaidi. Hoja yake naieleza kwa maneno yangu: “Mbinu hii ya nasaba ya hati ilizaliwa Ulaya kwa ajili ya waandishi wa Kigiriki na Kilatini, ambako aliyeandika ni mmoja, aliandika mara moja, na wanakili waliofuata walikosea. Simulizi haina mwandishi wa namna hiyo. Kila msimulizi aliyesimama mbele ya watu wa kijiji chake alikuwa na Mahabharata kamili. Ukichukua mito kumi ukaichuja ili upate mto mmoja, umepata maji ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyanywa. Matini ya Pune haikusomwa na Mhindu yeyote, katika karne yoyote, mahali popote.”

Hoja hii ni nzuri, na nusu yake ni ya kweli. Matini ya Pune ni ujenzi. Hakuna jani hata moja la mvumo lililo nayo yote kama ilivyo. Ila Sukthankar alilijua hilo na alilisema wazi mwaka 1933 katika utangulizi wake mrefu wa Adi Parva: hadai kuwa amefika kwa mtunzi wa kwanza, amefika pale tu ambapo hati zilizopo zinaweza kumfikisha mtu. Na hakusema tu, aliichora shaka yake ndani ya kitabu. Mahali ambapo ushahidi ulikuwa haumtoshi alipiga chini ya neno mstari wa mawimbi, kumwambia msomaji kwamba hapa panayumba, usikanyage kwa nguvu. Wahariri wangapi wa maandiko matukufu, wa dini yoyote, wamewahi kutia alama ya shaka ndani ya mstari wenyewe? Halafu kuna jambo ambalo Biardeau hakulipa uzito unaostahili. Mwishoni mwa miaka ya 1930, baada ya Adi Parva kuwa imekwisha chapwa, ilitokea Nepal hati ya zamani ya majani ya mvumo, kongwe kuliko zote alizokuwa ametumia Sukthankar kwa parva hiyo. Huu ulikuwa mtihani usiopangwa na mtu. Kama mbinu yake ingekuwa ndoto ya msomi, hati ile ingeenda njia yake. Badala yake ilithibitisha maamuzi yake mengi, ikiwa ni pamoja na mistari aliyokuwa ameiondoa ingawa hati nyingi alizokuwa nazo zilikuwa nayo. Maji yanayodaiwa kwamba hayakunywewa na mtu yalikutwa, kwa sehemu kubwa, ndani ya mtungi wa zamani.

Na bado kuna ubishi wa msingi zaidi: simulizi ya mdomo haikatai kuandikwa, na ikishaandikwa inaingia katika sheria za maandishi. Mnakili anaruka mstari kwa sababu mistari miwili imeanza kwa neno moja. Anasoma vibaya herufi anayoifahamu kidogo. Anaingiza ndani ya ubeti maelezo ambayo mwalimu wake aliyaandika pembeni. Hayo si uhuru wa msimulizi, ni ajali za karatasi, na yanaacha nyayo zinazofuatika. Wasomi wa tenzi za Kiswahili wanalijua tatizo hili kwa karibu, maana Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imetufikia kwa nakala zisizolingana kwa mpangilio wala kwa idadi ya beti, na baadhi ya nakala za tenzi za Lamu zilipitia mkono mmoja, wa Muhamadi Kijuma, aliyezinakili kwa ajili ya Wazungu waliozitaka. Anayesema kwamba nakala zote ni sawa, basi zote ziachwe, amemwachia mnakili wa mwisho neno la mwisho.

Hapo inapanda sauti ya tatu, na inapanda kwa hasira. “Bado hamjatujibu,” inasema. “Sukthankar alisomea Berlin, kwa Heinrich Lüders. Mbinu ni ya Kijerumani, vigezo ni vya Kijerumani, na tamaa ya kutafuta kitu safi cha kale, kabla hakijachafuliwa na makuhani na waimbaji, ni tamaa ya Ulaya ya karne ya 19. Wahindi walifanya kazi ya mikono, Ulaya ikapewa ushindi.” Naiheshimu hasira hiyo kwa sababu vitabu vingi vya kitaalamu juu ya Asia Kusini viliandikwa kweli na watumishi wa dola, kwa mahitaji ya dola. Lakini kwa kitabu hiki ina kosa la historia. Katika karne ya 17, kabla chuo chochote cha Ujerumani hakijafundisha Kisanskriti, Nilakantha Chaturdhara alikaa Varanasi akakusanya nakala za Mahabharata kutoka sehemu mbalimbali za India, akazilinganisha, akaandika katika sherehe yake kwamba hapa wengine wanasoma hivi na wengine vile. Hakuwa na mbinu ya nasaba ya hati, na mara nyingi alichagua kile kilichojaa badala ya kile kilicho cha zamani. Lakini swali lake lilikuwa lilelile la Pune. Karibu karne moja kabla yake, Mfalme Akbar aliagiza utenzi huu ufasiriwe kwa Kiajemi, ukaitwa Razmnama, nayo mabaraza ya Mughal yalikaa na wanazuoni wa Kibrahmani wakieleza na waandishi wa Kiajemi wakiandika. India haikungoja Berlin ili iyajadili maandiko yake. Na fedha? Mtawala wa Aundh, dola dogo la Kimarathi, ndiye aliyeahidi rupia laki moja mradi ulipoanza. Ukitaka kuutafuta mkono wa ukoloni, utazame mahali pengine: ni mtambo wa uchapaji wa Kalkuta uliochukua hati chache, ukazigandisha kwa risasi, na kuzisambaza mpaka watu wakaamini kwamba hiyo ndiyo Mahabharata ya mababu. Matini “iliyozoeleka”, ambayo leo inatetewa dhidi ya Pune kwa jina la mapokeo, inadaiwa umri mkubwa kuliko ulio nao.

Sauti ya nne nimeiweka nyuma kwa sababu ndiyo inayonisumbua. Haina nadharia. Inauliza: “Miaka 47, vizazi vitatu vya wahariri, juzuu 19. Nani anasoma? Chini ya mstari ni msitu wa herufi na namba za Kisanskriti ambao hata mwenye shahada anauogopa. Mnatuambia kitabu ni ukurasa mzima, kumbe ukurasa huo mzima ni wa watu mia.” Ningependa kuwa na jibu jepesi. Ninalo nusu. Kazi ya kitaalamu huwafikia watu kupitia kazi nyingine: J. A. B. van Buitenen wa Chicago aliifasiri matini ya Pune kwa Kiingereza, parva tano za kwanza, kati ya 1973 na 1978, akafariki kabla hajaendelea. Bibek Debroy, mwanauchumi kwa taaluma, akaifasiri yote kwa juzuu kumi kati ya 2010 na 2014. Wasomaji wengi wa leo wameipata Pune kwa mikono yao. Lakini hapa ndipo nusu ya pili ya jibu inapovunjika mikononi mwangu, na lazima niikiri. Tafsiri inabeba nusu ya juu. Maneno ya chini ya mstari yanabaki Pune, isipokuwa pale mfasiri anapoyagusia katika maelezo yake. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa kawaida anapokea kwa jina la toleo la kihakiki kitu ambacho toleo lenyewe halikukusudia kuwa: Mahabharata moja, iliyonyooka, isiyo na mawimbi chini ya maneno. Hivyo yule muumini aliyelalamika kwamba Krishna ameondolewa barazani, kwa kitabu alichokishika mkononi, ana haki. Ameondolewa kweli. Hakuondolewa na Edgerton, ameondolewa na safari kutoka Pune hadi dukani.

Na kosa hili lina gharama. Mahali ambapo watu hawaoneshwi jinsi uamuzi wa kitaalamu unavyofikiwa, wanabaki na chaguo mbili tu, kuuamini au kuuvunja. Tarehe 5 Januari 2004 kundi la watu liliivamia Taasisi ya Bhandarkar yenyewe, likaharibu vitabu na hati, kwa hasira juu ya kitabu cha James Laine kuhusu Shivaji, mfalme wa Kimarathi, kilichotoka mwaka uliotangulia, ambacho taasisi haikukiandika wala kukichapa; kosa lake lilikuwa kwamba mwandishi aliwahi kufanya utafiti humo. Sidai kwamba tanbihi zingezuia marungu. Waliokuja siku ile walikuja na siasa zao tayari. Lakini nyumba iliyotumia nusu karne kuhifadhi kila neno ililolikataa ilivunjiwa makabati kwa tuhuma ya kudharau kumbukumbu za watu, na ni wachache nje ya kuta zake walioweza kueleza kwa nini tuhuma hiyo ni kinyume cha kazi yake.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wafasiri na wachapishaji, kwa lugha yoyote, pamoja na Kiswahili siku atakapopatikana wa kulibeba zigo hilo. Msichape nusu ya ukurasa. Haiwezekani kuchapa tofauti zote, wala hakuna anayezihitaji zote. Lakini zipo sehemu ambazo India nzima inazijua na Pune imeziteremsha, kama kisa cha mungu Ganesha kukubali kuwa mwandishi wa Vyasa, mtunzi wa utenzi kwa mapokeo, ambacho kimepelekwa katika kiambatisho cha Adi Parva. Sehemu kama hizo ziwekwe palepale zilipokuwa, kwa herufi ndogo, na mistari miwili ya maelezo: hati za wapi zinazo, za wapi hazina. Katika Sabha Parva, Duhshasana anapovuta nguo ya kwanza, msomaji akute chini ya mstari dua ya Draupadi kwa maneno ya kusini na kwa maneno ya kaskazini, na pembeni yake namba ya ubeti wa parva ya tano ambamo Krishna anakiri deni.